UKIFUNGA BETRI KINYUME
Jinsi ya kujua kilichoharibika katika gari lako, na jinsi ya kutotupa pesa bure

Tuseme ni saa kumi na moja alfajiri huko Kinangop, na baridi ni kali. Ng'ombe wamekwisha kukamuliwa na mikebe ya maziwa imepangwa nyuma ya pikapu. Betri ya zamani ilikufa juzi, na jana ulinunua nyingine sokoni. Kijana wako anashika tochi, wewe unashika spana. Unafunga waya wa kwanza. Unapogusisha wa pili, cheche kubwa inaruka, unasikia harufu ya mpira unaoungua, kisha kimya. Unaangaza tochi vizuri na kuona kosa: waya wa (+) umekaa kwenye ncha ya (−), na waya wa (−) umekaa kwenye ncha ya (+).

Kosa hili huwapata watu wengi, hata mafundi wa miaka mingi. Si aibu. Lakini yale utakayoyafanya katika saa moja baada ya kosa ndiyo yatakayoamua kama utapoteza fyuzi moja tu au utapoteza bei ya ng'ombe mzima. Wakulima wengi wamenunua alteneta mpya, au hata kompyuta ya gari, hali kilichokuwa kimekatika ni fyuzi kubwa peke yake. Wengine wameweka fyuzi mpya mara tatu, na kila mara ikaungua, kwa kuwa hawakutafuta sababu.

Katika ukurasa huu tutakuonyesha njia ya kukagua gari kwa utaratibu, kuanzia kitu cha bei rahisi mpaka kile cha bei ghali. Huhitaji kuwa fundi. Wahitaji subira, macho, na vifaa vichache.

MAMBO YA KUFANYA MARA MOJA

Kwanza, ondoa nyaya zote mbili kutoka kwenye betri. Usijaribu kuwasha gari ili "uone kama bado lipo". Usigeuze nyaya upesi na kuzungusha ufunguo. Kama kuna kitu ndani kilichoungua na kushikamana, mkondo utapita tena mahali pale pale na kuongeza hasara.

Pili, angalia kama kuna waya unaotoa moshi. Kama moshi unaendelea hata baada ya betri kuondolewa, uwe na mchanga mkavu karibu. Maji yasitumiwe kwenye moto wa nyaya wakati betri ingali imefungwa.

Tatu, itazame betri yenyewe. Betri ya gari ina asidi kali, na inapopitisha mkondo mkubwa hutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Kama imevimba, imepasuka, au maji yake yanachemka, iache ipoe mahali penye hewa na usiitumie tena. Usivute sigara karibu nayo. Asidi ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda wa robo saa bila kusita, kisha nenda hospitali. Asidi iliyomwagika kwenye chuma yaweza kutulizwa kwa magadi ya kupikia yaliyokorogwa katika maji.

Nne, wakati mambo bado ni mapya akilini mwako, jiulize maswali matatu. Waya uligusa kwa muda gani: nukta moja, au ulifungwa na kukazwa kwa dakika nzima? Je, ufunguo ulikuwa umefungua umeme wa gari? Je, kulikuwa na moshi, na ulitoka wapi? Majibu haya yana thamani kubwa kwa fundi. Kama ni kijana wako au dereva aliyekosea, usimtishe hata akaficha ukweli. Fundi asiyeambiwa kwamba betri ilifungwa kinyume aweza kutafuta siku mbili, nawe ndiwe utakayelipa siku hizo.

KILICHOTOKEA NDANI YA GARI

Yafaa uelewe kidogo jinsi umeme unavyopita, maana ukielewa hutadanganywa kwa urahisi.

Betri ya gari ndogo ina vyumba sita, na kila chumba hutoa karibu volti mbili. Jumla yake ni kama volti 12.6 inapokuwa imejaa. Katika magari ya siku hizi, ncha ya (−) hufungwa kwenye bodi la gari, na ncha ya (+) hupeleka umeme kwenye taa, honi, stata na vifaa vingine. Umeme hurudi kupitia chuma cha bodi.

Vitu vingine havijali kama umeme unaingia mbele au nyuma. Globu ya taa huwaka vile vile. Waya wa kupasha joto huwaka vile vile. Mota ndogo, kama ile ya feni ya ndani ya gari, yaweza kuzunguka upande wa pili tu bila kuharibika, ikiwa ni kwa muda mfupi.

Tabu iko kwenye alteneta, yaani mashine inayozungushwa na mshipi wa injini ili kujaza betri. Ndani yake mna vipande vidogo viitwavyo dayodi, na kwa kawaida vile vikubwa ni sita. Dayodi ni kama vali ya pampu ya maji inayoruhusu maji kupanda kwenye bomba, lakini hairuhusu yarudi mtoni. Betri ikifungwa sawasawa, dayodi huizuia isimwage umeme wake kwenye bodi. Betri ikifungwa kinyume, vali zote zinafunguka kwa pamoja. Umeme unapata barabara kuu isiyo na kizuizi, kutoka kwenye bodi, kupitia dayodi, kurudi kwenye betri. Mkondo huo waweza kufika amperi mia kadhaa. Ndiyo ile cheche uliyoiona.

Tena, kumbuka jambo hili: waya mnene wa alteneta umeungwa na betri saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Kwa hiyo kusema "sikuwasha gari" hakuthibitishi kwamba alteneta ni salama.

Watengenezaji wa magari wanajua kosa hili hutokea. Ndiyo sababu wameweka fyuzi kubwa kati ya betri na alteneta. Ikiwa fyuzi hiyo ilikatika upesi, mara nyingi imeokoa dayodi. Ikiwa ilichelewa, dayodi zimeungua. Kazi yako ni kutambua ni lipi kati ya mambo haya mawili lililotokea.

VIFAA UNAVYOHITAJI

Tafuta spana za kufungulia ncha za betri, msasa, na tochi. Tafuta globu moja ya volti 12 na wati 21, kama ile ya indiketa au ya breki, iliyounganishwa na nyaya mbili zenye urefu wa mkono mmoja. Ukiweza, pata pia mita ndogo ya kupimia umeme. Mita ya bei nafuu yatosha, na wakulima watatu au wanne waweza kuchanga na kuwa na moja kwa matumizi yao wote.

HATUA YA KWANZA: HAKIKISHA BETRI INASEMA KWELI

Usiamini rangi ya nyaya peke yake, maana katika magari mengi yaliyotengenezwa mara nyingi nyaya zote mbili zimekuwa nyeusi. Tazama alama zilizogongwa kwenye betri. Pia ncha ya (+) hufanywa kuwa nene kidogo kuliko ile ya (−). Kama kishikio cha waya kilikataa kuingia mpaka ukakipanua kwa bisibisi, huenda gari lilikuwa likikuonya.

Sasa pima betri ikiwa peke yake, haijafungwa kwenye gari. Weka waya mwekundu wa mita kwenye (+) na mweusi kwenye (−). Yapasa usome volti 12.4 au zaidi. Kama mita inaonyesha alama ya kutoa mbele ya namba, betri hiyo ilichajiwa kinyume siku nyingine na alama zake hazifai kuaminiwa. Irudishe ulikoinunua.

Kama huna mita, kiazi cha shambani chaweza kukusaidia. Kata kiazi katikati. Chukua nyaya mbili nyembamba za shaba, funga mmoja kwenye kila ncha ya betri, kisha choma miisho yake kwenye kiazi, ikiwa mbali kidogo bila kugusana. Baada ya dakika chache, mahali penye waya wa (+) patageuka rangi ya kijani, na kwenye waya wa (−) utaona mapovu. Kiazi hicho kitupe; si cha kuliwa wala cha kupewa mifugo.

HATUA YA PILI: TAZAMA FYUZI KUBWA

Betri ikiwa bado haijafungwa, fungua sanduku la fyuzi lililo karibu na injini. Tafuta fyuzi kubwa kuliko zote, mara nyingi zenye namba kama 80, 100 au 120. Nyingi zimekazwa kwa skrubu au nati, hazichomoleki kwa vidole. Tazama kupitia kifuniko chake kama kile kipande cha chuma kimekatika au kimeungua.

Katika magari mengine hakuna fyuzi ya namna hii, ila kuna kipande kifupi cha waya maalumu kilichounganishwa karibu na ncha ya (+). Kipande hicho hukatika ndani ilhali ngozi yake ya nje inabaki nzima. Kivute kidogo kwa vidole. Kama kinanyumbuka kama mpira, waya wa ndani umekwisha kuyeyuka.

Kisha kagua fyuzi ndogo, moja baada ya nyingine, zile za karibu na injini na zile za chini ya usukani. Ziandike kwenye karatasi ili usikose kuzirudisha mahali pake.

Ukipata fyuzi iliyokatika, weka nyingine yenye namba ile ile. Usiweke msumari, wala waya wa ua, wala karatasi ya sigara. Fyuzi ni mlinzi aliyekufa akiwa kazini. Ukimweka mlinzi asiyekufa, nyumba nzima itaungua.

Lakini usifunge betri bado. Ngoja hatua ya tatu, maana hapa ndipo wengi huunguza fyuzi ya pili na ya tatu.

HATUA YA TATU: JARIBIO LA GLOBU

Zima taa zote, toa ufunguo, funga milango. Funga waya wa (+) wa gari kwenye ncha ya (+) ya betri. Hakikisha mara mbili. Usifunge waya wa (−). Badala yake, unganisha globu yako katikati: waya mmoja wa globu kwenye ncha ya (−) ya betri, na waya wa pili kwenye kishikio cha waya wa (−) wa gari.

Sasa umeme wote wa gari hauna budi kupita ndani ya globu hii ndogo, nayo hairuhusu zaidi ya amperi mbili hivi. Hata kama kuna hitilafu kubwa, hakuna kitu kitakachoungua.

Kama globu haiwaki, au inamulika kwa ufifi tu, hiyo ni habari njema. Katika gari lenye kompyuta, yaweza kuwaka kidogo mwanzoni kisha ififie. Ngoja dakika kadhaa. Ili uhakikishe jaribio lako ni la kweli, fungua mlango ili taa ya ndani iwashwe. Globu yako yapasa kuwaka kidogo. Kama haiwaki hata kidogo, basi kuna mahali ambapo njia bado imekatika, na yafaa urudi kwenye hatua ya pili.

Kama globu inawaka kwa nguvu zake zote ilhali kila kitu kimezimwa, kuna mahali umeme unamwagika kwenye bodi. Usifunge betri. Ondoa globu na waya wa (+), kisha fungua waya mnene ulio nyuma ya alteneta, uuzungushie mpira au kitambaa kikavu usiguse chuma. Rudia jaribio. Kama globu sasa imezima, umempata mwizi: dayodi za alteneta zimeungua. Kama bado inawaka, chomoa fyuzi ndogo moja moja. Ile itakayozima globu ndiyo itakayokuonyesha njia yenye hitilafu, iwe ya redio, ya honi au ya kitu kingine.

Jaribio hili limekugharimu kidogo tu, na limekwisha kukuambia kama alteneta imeshikamana ndani au la.

HATUA YA NNE: KUPIMA DAYODI KWA MITA

Kama unayo mita, waweza kuthibitisha. Betri ikiwa haijafungwa na waya mnene wa alteneta ukiwa umefunguliwa, geuza mita mpaka kwenye alama ya mshale uliopigwa kistari. Weka waya mweusi wa mita kwenye skrubu ile ya waya mnene, na mwekundu kwenye chuma cha alteneta. Mita yapasa kusoma kama 0.8 hadi 1.0. Sasa badilisha nyaya. Mita isisome kitu.

Ikiwa inasoma sifuri, au karibu na sifuri, kwa pande zote mbili, dayodi zimeshikamana. Ikiwa haisomi kitu upande wowote, zimekatika. Katika hali zote mbili alteneta haifai kama ilivyo. Lakini si lazima ununue nzima. Mafundi wa umeme wa magari waweza kubadilisha kile kibao cha dayodi peke yake, na bei yake ni ndogo kuliko ya alteneta kamili. Muulize fundi kabla hajakuambia ununue mpya, na umwombe akurudishie kipande kilichoharibika ukione.

HATUA YA TANO: KUWASHA GARI

Kama jaribio la globu limepita vizuri, safisha ncha za betri kwa msasa, funga waya wa (+) kwanza, halafu wa (−). Zungusha ufunguo bila kuwasha injini, na utazame taa ndogo za mbele ya dereva. Taa ya betri na taa ya mafuta ya injini yapasa ziwake. Katika gari lenye kompyuta, taa yenye picha ya injini nayo yapasa iwake.

Washa injini. Taa ya betri yapasa izime. Pima volti kwenye betri injini ikinguruma. Katika magari mengi mita husoma kati ya 13.8 na 14.5. Kama inasoma chini ya 13 na haipandi, alteneta haijazi betri. Kama inapita 15, kidhibiti cha alteneta kimeharibika. Zima injini, maana betri itachemka na vifaa vitaungua. Katika magari mapya mengine kompyuta ndiyo inayoongoza alteneta, na namba zaweza kupanda na kushuka. Hapo mwachie fundi mwenye mashine ya kupimia.

Mara nyingine dayodi moja tu kati ya sita imeungua. Gari huwaka, hutembea, na mwenyewe husema "Mungu ametusaidia". Baada ya siku chache betri inakutwa imekufa asubuhi. Dalili zake ni hizi: taa kubwa hupepesa injini ikinguruma polepole, redio hulia mvumo, alteneta ina joto asubuhi hali gari limelala usiku kucha. Ukiwa na mita, igeuze kwenye volti za umeme wa mawimbi, washa taa kubwa, na upime kwenye betri injini ikiwa hai. Ukisoma zaidi ya nusu volti, kuna dayodi mbovu.

Na tafadhali, usikubali desturi ya kuchomoa waya wa betri injini ikizunguka "ili tuone kama alteneta inafanya kazi". Volti huruka juu ghafula, na kompyuta iliyookoka asubuhi hufa mchana.

HATUA YA SITA: KOMPYUTA, MWISHO KABISA

Kama injini inazungushwa na stata lakini haishiki moto, usikimbilie kununua kompyuta. Kompyuta nyingi zimewekewa kinga, na kama ufunguo haukuwa umefunguliwa, mara nyingi hazikupata umeme wa kutosha kuziua. Angalia kwanza fyuzi ya kompyuta, fyuzi ya pampu ya petroli, na rilei zake. Rilei nyingine zina dayodi ndogo ndani ambayo huungua betri ikifungwa kinyume. Jaribu kubadilisha rilei hiyo na nyingine ya namna moja kutoka katika sanduku lile lile.

Kama taa ya picha ya injini haiwaki kamwe, na mashine ya fundi haiwezi kuzungumza na kompyuta, ingawa fyuzi na rilei zote ni nzima na umeme unafika, hapo ndipo kompyuta yaweza kushukiwa. Hata hivyo ipelekwe kwanza kwa mtu anayejua kuzifungua, maana mara nyingine ni kipande kidogo cha kinga kilichojitoa mhanga ndani yake. Redio nayo ni vivyo hivyo: mara nyingi ni fyuzi yake ya nyuma iliyokatika.

TREKTA NA MAGARI YA ZAMANI

Trekta nyingi za dizeli zenye pampu ya kawaida hazina kompyuta. Umeme wake ni wa stata, taa, saa za mbele ya dereva, na katika nyingine kile kifaa cha kufunga mafuta ili injini izime. Kwa hiyo baada ya kosa hili, kagua fyuzi, nyaya na alteneta. Huenda hapo ndipo hasara inapoishia.

Lakini trekta kuukuu zataka uangalifu wa pekee. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, mashine nyingi zilizokuwa katika mashamba zilitoka Uingereza, na nyingi zilifungwa ncha ya (+) kwenye bodi, kinyume cha siku hizi. Ndivyo zilivyotoka kiwandani trekta za Ferguson TE20, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1946 mpaka 1956, na ndivyo zilivyokuwa Land-Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967. Kama babu alikuachia mashine ya namna hiyo ambayo haijabadilishwa, mtu akifunga betri "sawasawa" kama za leo, amefunga kinyume! Kabla ya kuondoa betri ya zamani, andika ncha ipi ilikwenda kwenye bodi, na ufuate hiyo hiyo.

Mashine hizo nyingi hutumia dinamo, si alteneta. Dinamo haina dayodi za kuungua, lakini ina kumbukumbu ya upande wa umeme. Ikigeuzwa, yaweza kuchaji kinyume hata baada ya betri kurekebishwa. Dawa yake ni fundi kuipa mguso mfupi wa umeme kutoka kwenye betri ili irudie upande wake. Ni kazi ya dakika chache, lakini ifanywe na anayeijua, maana waya ukiguswa mahali pasipo pake kidhibiti huungua.

NJIA YA KUZUIA KOSA HILI

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu, kama vile kuogesha ng'ombe ni rahisi kuliko kutibu ndigana.

Usifunge betri gizani. Kama hapana budi, mtu wa pili asome alama kwa sauti kabla hujakaza.

Unapoondoa betri, toa waya wa (−) kwanza. Unapofunga, uufunge mwisho. Kwa mashine ya zamani, huo ni waya unaokwenda kwenye bodi, uwe wa alama gani.

Zungushia waya wa (+) utepe mwekundu, leo hii, kabla ya tabu.

Unaponunua betri, nenda na ile ya zamani au ujue upande zilipo ncha zake. Betri mbili zaweza kuwa sawa kwa ukubwa lakini ncha zikawa pande tofauti. Betri ya upande mwingine hulazimisha nyaya kufika kinyume, na hapo ndipo makosa huzaliwa.

Unapowasha gari kwa betri ya jirani, unganisha (+) na (+) kwanza. Waya wa (−) wa jirani ufungwe kwenye chuma cha injini yako, mbali na betri. Hapa kosa huharibu magari mawili kwa siku moja, na ujirani pia.

Ndugu Mkulima, rudi sasa kwenye alfajiri ile ya Kinangop. Maziwa hayangoji, nasi twajua. Basi mtume kijana kwa jirani mwenye gari au punda ili mikebe iende, nawe ubaki na gari lako. Fyuzi kubwa, globu ndogo, alteneta, kisha kompyuta: fuata utaratibu huo bila kuruka. Haraka ya nusu saa imewapotezea wengi mapato ya miezi, na mkopo wa shamba haukusubiri.

Kata ukurasa huu, uukunje, uweke ndani ya gari pamoja na globu yako yenye nyaya mbili. Na kama una jirani ambaye hivi sasa anatafuta spana ya kufunga betri mpya, mpelekee aisome kwanza.